Betri Ndani ya Tairi na Mzigo wa Mwenye Gari wa Pili

Gari jipya linalotoka kiwandani leo, hasa kwa nchi ambazo sheria zinadai hivyo, mara nyingi huwa na vifaa vidogo vinne, viitwavyo vihisi, vilivyofichwa ndani ya matairi. Kila kimoja kina kipimo cha presha, kipimo cha joto, redio ndogo na betri. Upepo ukipungua kupita kiasi, taa ya njano inawaka kwenye dashibodi. Dereva anasimama, anajaza upepo, anaendelea na safari. Kwa miaka mitano, saba, pengine kumi, mpango huu hufanya kazi yake vizuri, na sina ugomvi nao.

Kisha betri zinaanza kufa. Kwa kuwa zote zilianza kazi siku moja, hufa zikifuatana. Taa inawaka tena, safari hii ikipepesa kwa dakika moja au zaidi kidogo kabla ya kutulia na kubaki imewaka. Maana yake si kwamba tairi limepungua upepo, bali kuna kihisi ambacho hakisikiki tena. Mwenye gari akienda kwa fundi anaambiwa kwamba betri ile haibadilishwi. Imezikwa kwenye gundi iliyoganda ili maji na mtikisiko visiiharibu, kwa hiyo kifaa kizima ni cha kutupa. Tairi linavuliwa kwenye rimu, kihisi kipya kinafungwa, tairi linarudishwa, gurudumu linapimwa balansi, na kompyuta ya gari inafundishwa namba ya kihisi kipya. Kazi hiyo irudie kwa magurudumu manne. Si ajabu kwamba wapo wanaoamua kuishi na taa.

Sasa tazama ni nani aliyeshika usukani wakati huo. Aliyelinunua gari likiwa jipya amekwisha kuliuza. Aliye nalo ni mwenye gari wa pili au wa tatu, ambaye matairi yake yamechakaa, valvu zimeanza kupitisha upepo, na rimu zimeota kutu pale zinapokutana na tairi. Huyu ndiye anayehitaji onyo kuliko yeyote, na ndiye ambaye onyo limemfia mkononi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: waliochagua mfumo huu hawakuwa wao wa kuubeba.

Hoja yangu ni hii. Kihisi cha upepo wa tairi kisicho na betri kinawezekana, na kimewezekana kwa miongo kadhaa. Kilichokizuia kuenea si fizikia. Ni namna gharama zilivyogawanywa. Betri ilishinda kwa sababu ilimpunguzia mtengenezaji gharama ya siku ya kwanza, ikamwachia gharama ya mwaka wa nane mtu ambaye hakuwapo mezani wakati maamuzi yanafanyika.

Sheria zilizotufikisha hapa zilizaliwa na vifo. Agosti 2000 kampuni ya Firestone ilitangaza kuyarudisha matairi yapatayo milioni 6.5 nchini Marekani, mengi yakiwa yamefungwa kwenye magari ya Ford Explorer. Uso wa tairi ulikuwa ukibanduka gari likiwa katika mwendo wa kasi, na gari linapinduka. Serikali ya Marekani mwishowe ilihusisha matairi hayo na vifo 271. Tairi lenyewe lilikuwa na kasoro, lakini suala la upepo nalo lilikuwemo kwenye mabishano: Ford ilikuwa imependekeza psi 26 (psi ni kipimo cha presha, paundi kwa inchi ya mraba), Firestone ikataka 30. Tairi lenye upepo mdogo hukunjika ubavuni kila sehemu yake inapogusa barabara. Mkunjo huzaa joto, na joto huachanisha mpira na nyaya za chuma zilizomo ndani yake. Kwa mwendo wa kilomita 120 kwa saa, tairi la gari dogo huzunguka karibu mara 18 kila sekunde, na kila mzunguko una mkunjo wake.

Novemba mwaka huohuo sheria iitwayo TREAD ilitiwa saini, ikaagiza magari mapya yawe na mfumo wa kumwonya dereva. Kanuni ya kwanza, ya mwaka 2002, iliacha mwanya wa kufunga mfumo unaoweza kugundua tairi moja tu lililopungua. Watetezi wa walaji wa Public Citizen walikwenda mahakamani, na mwaka 2003 mahakama ya rufani ikaifuta. Kanuni mpya ya 2005 ilidai mfumo ugundue tairi lolote, hata yote manne kwa pamoja, upepo ukishuka asilimia 25 chini ya kiwango kilichopendekezwa, na onyo litoke ndani ya dakika 20. Kufikia Septemba 2007 ilikuwa lazima kwa magari madogo yote mapya nchini humo. Umoja wa Ulaya ulifika hapo Novemba 2014, na Julai 2024 ukaongeza malori, mabasi na trela mpya.

Ukisoma kanuni ile ya Marekani utaona uangalifu mkubwa juu ya matairi mangapi, asilimia ngapi na dakika ngapi. Inaeleza hata taa ipepese sekunde ngapi mfumo wenyewe ukiharibika: zisipungue 60, zisizidi 90. Haisemi kihisi kiishi miaka mingapi. Katika pengo hilo ndipo betri ilipopita.

Wapo watakaosema kwamba jibu lisilo na betri tayari lipo, nalo ni mfumo unaotumia vihisi vya mwendo wa magurudumu vya breki za ABS, zile zinazozuia gurudumu lisijifunge. Tairi lililopungua upepo huwa na kimo kidogo zaidi, kwa hiyo huzunguka haraka kidogo kuliko wenzake, na kompyuta huiona tofauti hiyo. Ni mbinu ya busara na ya bei nafuu. Lakini haipimi upepo, inakisia. Dereva akibonyeza kitufe cha kuanza upya wakati matairi yamekwisha kupungua, mfumo unaukubali upungufu huo kuwa ndio hali ya kawaida. Hautaweza kukuambia kwamba una psi 27 badala ya 32, na tofauti hiyo ndiyo inayokula mafuta na matairi kimyakimya muda mrefu kabla ya taa kuwaka. Idara ya Nishati ya Marekani hukadiria kwamba kila psi moja inayopungua kwa wastani wa matairi yote hupoteza takriban asilimia 0.2 ya ufanisi wa mafuta. Kwa kipimo cha asilimia 25, tairi la psi 32 linaruhusiwa kushuka hadi 24 kabla ya dereva kuambiwa neno.

Tukae kidogo na betri, maana udhaifu wake unaeleza mengi. Chukua betri ya kifungo ya CR2032, ile inayojulikana kwenye saa na rimoti. Ina takriban miliampia-saa 220. Ukitaka idumu miaka 10, yaani saa 87,600, umeme unaoruhusiwa kutumia ni wastani wa maikroampia 2.5 tu. Ndiyo maana kihisi cha betri hutumia sehemu kubwa ya maisha yake kikiwa kimelala. Gari likisimama kinanyamaza karibu kabisa. Likianza kutembea kinaamka, kinapima, na kutuma ujumbe mara moja kwa dakika hivi. Matokeo yake ni kwamba katika magari mengi huwezi kujua hali ya matairi ukiwa bado umeegesha. Lazima uingie barabarani kwanza ndipo uambiwe kama ulipaswa kuingia.

Na mazingira yenyewe ni magumu. Humo ndani kuna baridi kali ya majira ya theluji, halafu kuna joto la breki linalopenya kwenye rimu. Kuna pia mzunguko. Kwa kilomita 120 kwa saa, kitu kilichofungwa kwenye rimu, sentimita 20 kutoka katikati ya gurudumu, husukumwa nje kwa nguvu inayozidi uzito wake kama mara 250. Kihisi cha gramu 30 kinavuta shina la valvu kana kwamba kina kilo saba na nusu. Ukikisogeza kwenye uso wa tairi wenyewe, mahali pazuri zaidi pa kujua tairi linapitia nini, nguvu hiyo inazidi mara 370, na juu yake kuna kishindo kila sehemu ile inapogonga barabara. Betri ni miongoni mwa vitu vizito zaidi ndani ya kifaa hicho, na inapendelea kukaa mahali palipotulia.

Kihisi kisicho na betri hakina umeme wa kutunza, kwa hiyo hakina sababu ya kulala. Kuna aina kadhaa. Ile ninayoiona yenye nguvu zaidi kwa kazi hii hutumia kipande kidogo cha kwatsi, madini ambayo ukiyapa umeme hujikunja na ukiyakunja hutoa umeme. Juu ya kwatsi hupangwa vidole vyembamba mno vya chuma vinavyopishana, mbinu iliyoonyeshwa na White na Voltmer wa Chuo Kikuu cha California mwaka 1965. Antena iliyo kwenye bodi ya gari hutuma mpigo mfupi wa redio, tuseme wenye masafa ya megahezi 433, yaani mitikisiko milioni 433 kila sekunde. Antena ndogo iliyo ndani ya tairi huupokea, na vile vidole huugeuza kuwa mtetemo unaotambaa juu ya uso wa kwatsi kwa mwendo wa kama mita 3,200 kwa sekunde. Mwendo huo ni karibu mara laki moja polepole kuliko wimbi la redio. Kwa masafa hayo, umbali wa kilele kimoja cha mtetemo hadi kingine ni maikromita saba hivi, na kila kidole cha chuma hakifiki upana wa maikromita mbili.

Kipande cha kwatsi hufungwa kwa namna ambayo upepo wa tairi ukikikandamiza kinapinda kidogo tu. Kikipinda, masafa ya mtetemo wake hubadilika. Mpigo wa redio ukikatwa, kwatsi haitulii papo hapo. Inaendelea kulia kama kengele iliyokwisha kugongwa, kwa maikrosekunde saba hivi, na sauti hiyo inarudi nje kupitia antena ileile iliyoiingiza. Kisomaji cha gari kinanyamaza, kinasikiliza, kinapima masafa, na kutoka kwenye masafa kinapata presha.

Napenda sana jinsi muda unavyofanya kazi hapa. Ndani ya tao la gurudumu, mpigo wa redio hurudi kutoka kila upande: kwenye bodi, kwenye rimu, kwenye diski ya breki, hata kwenye gari lililo njia ya pili. Kwa kawaida makelele hayo yangeifunika sauti ya kipande kidogo kama kile. Lakini redio husafiri mita 300 ndani ya maikrosekunde moja, kwa hiyo mwangwi wa kila kilicho karibu huwa umekwisha kurudi na kupotea kabla hata ya maikrosekunde hiyo kumalizika. Kwatsi bado inalia, peke yake, katika ukimya. Na gari linalokwenda kilomita 120 kwa saa, katika muda wote huo wa kulia, limesogea kama robo ya milimita. Kwa kisomaji, gurudumu lile limesimama.

Joto nalo lina namna yake ya kushughulikiwa. Masafa ya kwatsi hubadilika kwa joto pia, na ukipima sauti moja tu hutajua umesikia presha au joto. Kwa hiyo huwekwa resoneta, yaani sehemu zinazolia kila moja kwa masafa yake, mbili au tatu kwenye kipande kimoja: moja pale panapopinda, nyingine pasipopinda. Joto huzigusa zote, presha hugusa moja. Tofauti kati yao ndiyo presha, na resoneta ya tatu, iliyochongwa kwa mwelekeo mwingine wa kwatsi, hutoa joto. Kulijua joto si anasa. Tairi la psi 32 hupoteza karibu psi 1.6 hewa iliyomo ikipoa nyuzi 10 za Selsiasi, bila tundu wala pancha yoyote, na mfumo usiojua hilo utamsumbua dereva kila asubuhi ya baridi.

Kuna aina nyingine inayotumia koili na kapasita, ambapo presha husogeza utando wa kapasita na kubadilisha masafa yake. Ni rahisi kutengeneza, ila husomeka kwa umbali wa sentimita chache. Kuna pia vichipu vinavyopata umeme wao kutoka kwenye wimbi la redio linalovisoma, kama vile vya kutambulisha bidhaa. Hivi vinaweza kubeba namba ya tairi na historia yake, lakini ni lazima vipewe nguvu ya kutosha kuendesha saketi nzima, na hapo umbali unapungua. Kwatsi haiendeshi saketi yoyote. Inarudisha tu sehemu ya kile ilichopewa.

Wazo la kifaa kisicho na umeme wake kinachojibu kinapoulizwa kwa redio ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1945 balozi wa Marekani mjini Moscow, Averell Harriman, alipewa zawadi ya nembo ya taifa lake iliyochongwa kwa mbao. Ndani yake kulikuwa na kifaa alichokibuni Leon Theremin: chemba ndogo ya chuma, utando mwembamba na antena. Hakikuwa na betri wala waya. Wasovieti walikimulika kwa redio kutoka nje, sauti za chumbani zikautikisa utando, na mwangwi uliorudi ukazibeba. Kilikaa pale hadi kilipogunduliwa mwaka 1952. Kazi ile ilikuwa ya hila, lakini ilithibitisha jambo ambalo wahandisi wa matairi walilihitaji baadaye: utando unaosukumwa na hewa unaweza kusomwa kwa mbali bila kupewa chochote isipokuwa wimbi la redio.

Basi kwa nini haviko kwenye kila gari? Sababu ya kwanza ni umbali. Kihisi cha betri hutuma sauti yake mwenyewe, inasafiri upande mmoja. Kisicho na betri kinategemea mpigo uende na urudi, na katika safari hiyo nguvu hupungua kwa kipeo cha nne cha umbali. Ukiongeza umbali mara mbili, kinachorudi ni sehemu moja ya 16. Ukiuongeza mara nne, kutoka nusu mita hadi mita mbili, ni sehemu moja ya 256. Nyaya za chuma za tairi na rimu yenyewe huzuia sehemu ya kilichobaki, na sheria za redio zinaweka kikomo kwenye nguvu unayoruhusiwa kutuma. Hutaweza kuweka kisomaji kimoja katikati ya gari kikasoma magurudumu yote manne kwa uhakika. Unahitaji antena karibu na kila gurudumu, na waya wa kuifikia.

Waya huo ndio uliokizamisha kihisi cha kwatsi. Mfumo wa betri unahitaji kipokezi kimoja tu, na mara nyingi hutumia kilekile kinachopokea ishara ya rimoti ya milango. Mtengenezaji anayetengeneza mamilioni ya magari akilinganisha mifumo miwili siku ya kwanza, antena nne na nyaya zake zinaonekana ni gharama ya bure. Hesabu yake haina kosa. Ila inaishia getini mwa kiwanda.

Lakini tuitazame hoja ya waya kwa karibu zaidi. Gari lenye ABS lina waya unaofika kwenye kila gurudumu tayari, tena mahali palepale penye matope, maji na chumvi. Hakuna anayesema waya ule hauwezekani, kwa sababu breki zimeamuliwa kuwa ni jambo la lazima. Zaidi ya hapo, baadhi ya mifumo ya betri ya magari ya bei ya juu iliwahi kuwa na antena kwenye kila tao la gurudumu, ikitumia masafa ya kilohezi 125 kuamsha kihisi na kujua ni cha gurudumu lipi. Kwa maneno mengine, sekta hii ilikwisha kuzifunga antena nne. Mwenye kudai leo kwamba antena hizo ni mzigo usiobebeka aeleze kwanza jinsi zilivyobebeka jana.

Pingamizi ninaloliheshimu ni jingine: uzee wa kwatsi yenyewe. Kipimo kinategemea mabadiliko madogo sana ya masafa. Gundi iliyoshika kipande ikilegea, kasha likipitisha unyevu, masafa yanahama polepole na presha inayosomwa inakuwa ya uongo. Betri ikifa, angalau kifaa kinanyamaza na taa inawaka. Kihisi kilichohama kinaendelea kuongea kwa ujasiri uleule. Hili linatibika kwa ufungashaji bora, kwa kulinganisha resoneta moja na nyingine, na kwa kulinganisha magurudumu yenyewe kwa yenyewe, lakini linahitaji majaribio ya muda mrefu, na hiyo ni gharama halisi. Kampuni kama Transense Technologies ya Uingereza ilitumia miaka mingi kwenye vihisi vya kwatsi vya matairi, ikatoa leseni kwa kampuni kubwa, na bado magari ya kawaida yakabaki na betri. Sioni hapo ushahidi kwamba teknolojia ni mbovu. Naona ushahidi kwamba hakuna mnunuzi aliyekuwa tayari kulipia maisha marefu ambayo yangemfaidi mwingine.

Kuna suala la faragha ambalo huzungumzwa kidogo mno. Mwaka 2010 watafiti wa vyuo vikuu vya Rutgers na South Carolina walionyesha kwamba ujumbe wa vihisi vya betri ungeweza kunaswa kutoka kwa gari linalopita umbali wa mita 40 hivi, kwamba haukuwa umefungwa kwa siri yoyote, na kwamba kila kihisi kilitangaza namba yake ya kudumu. Waliweza pia kulidanganya gari liamini tairi limepungua. Gari lenye vihisi vya aina hiyo ni gari linalojitaja jina barabarani kila dakika, na mwenyewe hana kitufe cha kulinyamazisha. Resoneta ya kwatsi haina namba. Inajibu ikiulizwa, na jibu lake ni presha na joto tu. Gurudumu linatambulika kwa kuwa ndilo lililo mbele ya antena ile. Anayetaka kuisoma kwa siri itambidi aikaribie au atumie nguvu kubwa ya redio, na ile sheria ya kipeo cha nne, iliyokuwa kikwazo kwa mtengenezaji, sasa inamlinda mwenye gari. Sidai kwamba hilo linamaliza hatari zote, maana anayeweza kutuma sauti ya uongo karibu na antena bado anaweza kudanganya. Lakini kutojitangaza kabisa ni ulinzi wa maana, na ulipatikana bila kuongeza chochote.

Faida ninayoithamini zaidi ni kusomeka gari likiwa limesimama. Umeme unatoka kwenye betri kubwa ya gari, inayochajiwa kila siku, kwa hiyo hakuna wa kuubania. Dereva akifungua mlango, matairi yanaweza kuulizwa mara mia kabla hajakaa. Upepo unaovuja polepole usiku kucha unaonekana pale pale, panapo pampu au tairi la akiba, na si baada ya kilomita kumi za barabara kuu.

Kwa magari makubwa hoja hii inabadilika, na nadhani ndiko mabadiliko yatakakoanzia. Lori na trela lake linaweza kuwa na magurudumu 18. Trela huachwa uwanjani wiki nzima, huunganishwa na kichwa hiki leo na kingine kesho, na matairi yake huvuliwa, hupakwa mpira mpya, hurudishwa kwenye rimu nyingine. Betri 18 za umri tofauti kwenye mali inayozunguka hivyo ni usumbufu usiokwisha. Tena mwenye malori ni yuleyule anayenunua mfumo, anayelipa mafuta, anayenunua matairi na anayelipia kihisi kikifa. Gharama zote zinakutana kwenye daftari moja, na pale hesabu ya miaka kumi hufanywa kwa dhati. Tena hahitaji antena kwenye kila gurudumu. Visomaji vinaweza kukaa getini mwa yadi, chini au pembeni mwa njia, magurudumu yakapita mbele yake moja moja kila lori linapotoka. Visomaji hivyo havitamsaidia dereva upepo ukitoka ghafla katikati ya safari, na kwa hilo mfumo wa ndani ya gari bado unahitajika, lakini vitayakamata matairi yanayoondoka yakiwa tayari yamepungua.

Kwa magari madogo sitegemei soko peke yake. Mnunuzi wa gari jipya haulizi kihisi cha tairi kitakufa lini, na hana sababu ya kuuliza. Wanaopaswa kuuliza ni waandishi wa kanuni. Sisemi wapige betri marufuku, wala sisemi waagize kwatsi. Waandike tu kwamba mfumo wa kupima upepo lazima ufanye kazi kwa umri unaotegemewa wa gari, au kama sehemu yake itakufa mapema, sehemu hiyo iweze kubadilishwa bila kuvua tairi na bila kompyuta ya kiwanda. Kanuni hiyo ikiwepo, mtengenezaji wa betri atalazimika kubuni kasha linalofunguka, na mtengenezaji wa kwatsi atapata kwa mara ya kwanza mizani inayopima kile anachokiuza.

Kazi itakayobaki ni ya kamati za viwango, na haina mvuto wowote: kukubaliana masafa, mpangilio wa resoneta, na jaribio la kuthibitisha kwamba kihisi bado kinasema kweli baada ya miaka 15 ya joto, baridi na mizunguko. Hilo lisipofanyika, kila kampuni itauza kisomaji chake chenye lugha yake, na mwenye gari wa pili akifunga tairi la kampuni nyingine, antena zake nne zitauliza na hakuna kitakachojibu.